Gitaa Lilikuwa la Nani?

Ukikaa na wazee wa Dar es Salaam wanaopenda muziki wa dansi, haipiti nusu saa kabla ubishi wa Msondo na Sikinde, bendi mbili hasimu za mji huo, haujaanza. Watahesabiana waimbaji. Watatajiana nani alimfunika nani kwa saksafoni, nani alihama mwaka gani, nani alitunga wimbo gani akimsema nani. Niseme mapema kwamba mimi ni wa Sikinde na baba yangu ni wa Msondo, kwa hiyo ubishi huo nimekua nao. Lakini siku hizi historia hii naisoma kwa swali jingine, ambalo vijiweni halina mashabiki: vyombo vilikuwa vya nani? Magitaa, spika, dramu, tarumbeta. Ufunguo wa stoo alikuwa nao nani? Ukilifuata swali hilo, mengi yaliyoitwa usaliti wa mwanamuziki fulani utayaona kwa jicho jingine.

Kabla ya gitaa la umeme kulikuwa na beni. Ngoma hii ilianzia pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19. Watu waliiga bendi za tarumbeta za wanajeshi, pamoja na sare, gwaride na vyeo vyao, na Vita vya Kwanza vya Dunia vikaitawanya Tanganyika nzima kupitia askari na wapagazi. Dar es Salaam ilikuwa na Marini na Arinoti. Marini walijiona ndio waungwana, Arinoti walikuwa wengi zaidi watu wa kazi za mikono, na kila upande ulitaka kuuonyesha mwingine kwamba una sare nzuri zaidi na karamu kubwa zaidi. Kwangu la maana hapo ni kwamba beni ilikuwa chama. Ilikuwa na wanachama, viongozi, michango na wapinzani. Dar es Salaam Jazz Band, iliyoanzishwa mwaka 1932, ilirithi tabia hiyo hiyo ya chama. Ilikuwa klabu ya vijana wa mjini, na ilianza kwa tarumbeta na ngoma. Magitaa yalifuata baadaye.

Mwaka uliofuata, 1933, kampuni ya HMV ilianza kuuza barani Afrika santuri za mfululizo wa GV, ambazo nyingi zilikuwa muziki wa Cuba. Ndani ya mfululizo huo ndimo ilimokuwa "El Manicero". Mdundo ule haukutugongea mlango kama mgeni. Ulikuwa na ngoma ndani yake, kiongozi anaimba na wenzake wanaitikia, na maneno yake hayakuhitaji kueleweka ili mtu anyanyuke. Santuri zilisikilizwa mahotelini na majumbani kwa waliojaliwa kuwa na gramafoni, vijana wakarudi nyumbani wakizitafuta noti kwenye vyombo vyovyote walivyopata. Asiye na gitaa alijiundia la mbao na kulifunga nyaya za breki za baiskeli.

Mji wa Morogoro ndio uliolishika jambo hili kwa mikono miwili. Morogoro Jazz Band ilianzishwa mwaka 1944. Mwaka 1948 kijana mmoja wa hapo hapo, Salum Abdallah, akaanzisha kundi lililokuja kujulikana kama Cuban Marimba. Inasimuliwa kwamba alipokuwa kijana alitoroka kwao akiwa na nia ya kwenda Cuba kwa meli, akaishia Mombasa. Iwe ilikuwa hivyo au la, "Ngoma Iko Huku" inatosha kukuonyesha kwamba Cuba aliileta mwenyewe Morogoro bila kupanda meli. Sauti yake haina papara. Anaimba kama mtu aliyekaa barazani na ana jioni nzima mbele yake, huku magitaa yakitembea chini chini. Alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, na Juma Kilaza akaishika bendi. Mji mdogo wenye bendi mbili za namna hiyo lazima ugawanyike, na uligawanyika kweli. Wapenzi wa Cuban na wapenzi wa Morogoro Jazz walikuwa na ukumbi wao, misemo yao na majivuno yao.

Miaka ya 1950 bendi zilizidi. Tabora kulikuwa na Kiko Kids ya Salum Zahoro, ambaye alipiga mandolini, na mpaka leo ukiisikia ile sauti nyembamba inayolialia hutahitaji kuambiwa ni nani. Tanga ilikuwa na zake. Dar es Salaam, watu waliotoka mikoani walijikusanya kwa asili zao: Rufiji Jazz, Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande, Western Jazz ya watu wa Jimbo la Magharibi. Western walikuja na mtindo wao wa Saboso na wimbo "Rosa", na kwa muda mji ukawa wao. Hizi zote zilikuwa bendi za klabu. Kama vyombo vimenunuliwa kwa michango, basi ni vya klabu, na mpiga gitaa naye ni sehemu ya klabu. Fedha haikuwa nyingi. Wengi walikuwa na kazi nyingine mchana. Lakini mtu hakuweza kuamka asubuhi akaambiwa gitaa lake limepigwa mnada na mtu asiyemfahamu.

Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa jamhuri, Mwalimu Nyerere alitoa hotuba ambayo wanamuziki wa dansi hawakuweza kuisikiliza bila kujikuna. Alitangaza kuunda wizara ya utamaduni, na akawasema watu waliojifunza rumba, chachacha, twisti, waltz na foxtrot ilhali hawajapata hata kusikia gombe sugu au kiduo. Ukiisoma leo utadhani muziki wa dansi ulikuwa umehukumiwa. Haikutimia miaka miwili, chama cha wafanyakazi kilichokuwa chini ya serikali kikaanzisha bendi ya dansi. NUTA Jazz Band ilizaliwa mwaka 1964.

Hili naliona kuwa tukio kubwa kuliko yote katika hadithi hii, na linasemwa kidogo mno. Kwa mara ya kwanza mwanamuziki wa dansi alikuwa mwajiriwa. Alipata mshahara kila mwisho wa mwezi na asilimia fulani ya viingilio vya mlangoni. Vyombo vilikuwa vipya, na vilikuwa vya NUTA. Vijana wazuri wa bendi za klabu wakahama. Muhidin Maalim Gurumo, aliyekuwa amepitia Rufiji Jazz na Kilwa Jazz, akaingia NUTA mwaka huo huo. Nani angekataa? Klabu inakupa sifa, chama kinakupa mshahara. Klabu zikaanza kukauka. Taasisi nyingine nazo zikaona uzuri wa jambo hilo: polisi, magereza, jeshi la kujenga taifa, bima. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kikawa na Urafiki Jazz mwaka 1970, na Ngulimba wa Ngulimba akakiimbia mpaka jina la kiwanda likajulikana kwa watu wasiowahi kununua kanga zake. Umoja wa vijana wa TANU ukawa na Vijana Jazz mwaka 1971.

Kuna wanaosema mfumo ule uliua ubunifu kwa sababu bendi zililazimika kuimba siasa. Siafiki, ama nusu yake siafiki. Ni kweli nyimbo za kusifu Azimio na chama zilikuwepo kwa wingi, na nyingine unazisikia zimetungwa kwa shingo upande. Ni kweli pia kwamba ile mikono iliyolipa mishahara ndiyo iliyokataza: Novemba 1969 uongozi wa mkoa ulipiga marufuku muziki wa soul Dar es Salaam, na vijana waliovaa suruali za bugaluu walipata taabu yao. Lakini sikiliza jinsi nyimbo za dansi za miaka ya 1970 zilivyojengwa. Zinaanza taratibu, mwimbaji anaeleza kisa chake mpaka mwisho, ubeti kwa ubeti, magitaa matatu yanapishana bila kukanyagana, halafu muziki unageuka, mwendo unaongezeka, tarumbeta na saksafoni zinaingia, na ukumbi mzima uko kwenye chemko. Wimbo wa dakika tisa wa namna hiyo unataka watu wanaofanya mazoezi kila siku pamoja, na watu wanaofanya mazoezi kila siku wanataka kula. Mshahara ulilipia mazoezi.

Kila bendi ilikuwa na mtindo wake, na mtindo ulikuwa kama jezi ya timu ya mpira. NUTA walikuwa na Msondo, Morogoro Jazz walikuwa na Sululu, Atomic ya Tanga walikuwa na Kiweke, Urafiki walikuwa na Chakachua.

Mbaraka Mwinshehe ndiye aliyeonyesha mipaka ya klabu na mipaka ya mshahara kwa pamoja. Alizaliwa Morogoro mwaka 1944, umri mmoja na bendi aliyokuja kuipigia. Alijiunga na Morogoro Jazz katikati ya miaka ya 1960, na baada ya muda mfupi watu hawakwenda tena kuisikiliza Morogoro Jazz, walikwenda kumsikiliza Mbaraka. Mwaka 1970 bendi iliiwakilisha Tanzania kwenye maonyesho ya dunia ya Expo 70 kule Osaka, Japani. Fikiria kidogo safari hiyo: bendi ya mji wa mkonge chini ya milima ya Uluguru, isiyo ya wizara wala kiwanda, ndiyo inayopeperusha bendera. Mwaka 1973 akaondoka na kuunda bendi yake, Super Volcano.

Naye alielekeza macho Kenya, na sababu yake ni nyepesi. Tanzania ilikuwa na studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo ilirekodi karibu kila bendi iliyokuwa na jina, lakini santuri zilitengenezwa Nairobi. Redio ilikupa umaarufu na malipo madogo ya siku ya kurekodi, na mkanda ukabaki maktaba ya redio. Santuri ilikuwa bidhaa, na bidhaa ina soko. "Shida" ya Mbaraka iliuzwa Afrika Mashariki yote kupitia Nairobi. Ukisikiliza gitaa lake la solo kwenye wimbo ule, utaona hafanyi mbwembwe hata moja. Anarudia vifungu vifupi na kuvigeuza kidogo kila mara, mpaka usikie kwamba gitaa ndilo linalolalamika na mwimbaji anaitikia. Alifariki Januari 1979 kwa ajali ya barabarani pwani ya Kenya, akiwa na miaka 34.

Njia hiyo hiyo ya kaskazini walikuwa wameipita ndugu wa Tanga, Wilson na George Peter Kinyonga. Waliianzia Jamhuri Jazz, wakaenda Arusha, kisha mapema miaka ya 1970 wakavuka hadi Mombasa na kujiita Simba Wanyika. Nairobi walikuja kuiteka. Mwaka 1978 baadhi ya wenzao wakajitenga na kuunda Les Wanyika, na kutoka hapo ikaja "Sina Makosa", wimbo ambao Mkenya atakuambia ni wa Kenya na Mtanzania atakuambia ni wa Tanzania, na wote wawili hawatakosea. Ule mpigo wa rithimu mwanzoni ukipigwa harusini hata bibi harusi huwezi kumzuia. Na ajabu ni kwamba wakati huo mpaka wa nchi mbili ulikuwa umefungwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, Tanzania ikafunga mpaka, na haukufunguliwa hadi 1983. Kwa wanamuziki waliobaki Dar es Salaam maana yake ilikuwa kwamba soko la santuri limewekwa upande wa pili wa geti. Fedha za kigeni zilikuwa adimu, nyuzi za gitaa zilikuwa adimu, na bendi isiyo na mwenye nguvu wa kuiagizia vyombo ilikuwa imekwisha.

Ndiyo maana naona yaliyotokea mwaka 1978 hayakuwa bahati tu. Mwaka huo ilianzishwa Mlimani Park Orchestra. Mwenye vyombo alikuwa shirika la usafiri na teksi, TTTS, lililokuwa na baa ya Mlimani Park na lilitaka kuijaza. Kwa ajili hiyo likawachota wanamuziki wa bendi nyingine, ikiwamo NUTA, ambayo nayo ilikuwa katika kubadilika kuwa JUWATA. Abel Balthazar na gitaa lake akaja, Gurumo akaja, Cosmas Chidumule akaja, Hassan Rehani Bitchuka naye akaja. Michael Enoch, ambaye miaka ya 1960 alikuwa mpiga solo wa Dar es Salaam Jazz na watu wakimwita King Enoch, alikuwa huko akipuliza saksafoni na kuwafundisha wadogo, hata jina likageuka kuwa Ticha. Waliuita mtindo wao Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo. Ile ngoma ambayo hotuba ya 1962 iliililia, waliirudisha wacheza dansi wenyewe.

Sitajifanya siegemei upande. Kwa masikio yangu hakuna bendi ya Tanzania iliyopanga tarumbeta vizuri kuliko Mlimani Park ya mwanzoni mwa miaka ya 1980. "Neema" ya Chidumule nimeisikia tangu sijui kusoma, na bado ikifika kwenye chemko naacha ninachofanya. Baba yangu husema tulimwibia mpishi na sufuria. Hakosei sana.

Kisha ikaja hesabu ya mwenye mali. TTTS lilifilisika, na mwaka 1983 bendi ikahamia mikononi mwa shirika la maendeleo la jiji, DDC. Wapenzi walijua tu kwamba jina limeongezewa herufi tatu mbele. Miaka miwili baadaye, 1985, mfanyabiashara Hugo Kisima, mmiliki wa Orchestra Safari Sound, aliivunja bendi yake na kuijenga upya kwa kuchukua wanamuziki sita wa Mlimani Park kwa mpigo, Gurumo na Balthazar wakiwamo. Ikawa International Orchestra Safari Sound, mtindo Ndekule. Mjini ilisemwa kama habari ya kutorosha mke wa mtu. Nyimbo za mafumbo zilitungwa kila upande. Walioitwa wasaliti walikuwa watu wazima wenye familia, waliopewa mshahara mzuri zaidi na vyombo vipya zaidi na mtu aliyekuwa navyo. Gitaa walilokuwa wakilipiga Mlimani Park lilibaki Mlimani Park. Baadaye Gurumo alirudi alikotoka, Msondo, na Bitchuka alienda na kurudi mpaka mashabiki wakachoka kumkasirikia.

Walioliona tatizo hili mapema walikuwa wageni. Orchestra Maquis ilitoka Kongo, ikafika Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970, na ikajiendesha kama kampuni ya wanamuziki wenyewe, OMACO. Wapenzi wao waliovalia vizuri walicheza Kamanyola bila jasho pale White House, Ubungo, na sidhani wengi walijali nani ni mwanahisa, ila ilionekana kwa jinsi bendi ilivyokaa pamoja. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu aliyekuja Dar es Salaam mwaka 1978 kumfuata mjomba wake kwenye Orchestra Makassy, alipitia njia ngumu zaidi. Matimila aliyokuja kuiongoza ilikuwa ya vyombo vya mfanyabiashara. Alichokuwa nacho yeye ni maneno. Alimwimbia maskini, aliimba kifo, na mwaka 1990 akaimba "Mambo kwa Soksi" kuhusu kondomu wakati redio haikutaka kuligusa neno lenyewe. Kanda za wimbo ule zilizunguka mitaani bila msaada wa redio. Mwaka 1988 alikuwa ametoka na tamasha la WOMAD, na 1989 lebo ya Real World ya Uingereza ikatoa albamu yake. Dunia ikamjua, na majirani zake wa Sinza walikuwa wamemjua kitambo.

Miaka ya 1990 sitaisimulia kirefu, maana inaumiza na kila mtu anaijua. Mashirika ya umma yalibinafsishwa au yakafa, na bendi zao zikafa nayo. Kanda zilinakiliwa Kariakoo mchana kweupe. Redio binafsi zilianza mwaka 1994, zikaleta muziki mwingine na vijana wengine. Marijani Rajab, Jabali la Muziki, mtu wa "Zuwena", alifariki mwaka 1995 bila utajiri wowote wa kulingana na jina lake. Sheria mpya ya hakimiliki ilipitishwa mwaka 1999, nyimbo nyingi zikiwa zimeshazeeka. NUTA iliyokuwa JUWATA ikawa OTTU, halafu ikabaki Msondo Ngoma.

Agosti 2013, Gurumo alitangaza kustaafu baada ya zaidi ya miaka hamsini ya kuimba. Aliwaambia waandishi kwamba kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumiliki hata baiskeli. Siku chache baadaye Diamond Platnumz akampa gari. Wengi waliusifu ukarimu wa kijana, na ulistahili sifa. Mimi nilikwama kwenye ile baiskeli. Huyu ni mtu aliyekuwa mmoja wa waajiriwa wa kwanza wa mfumo ule, akaandamana na vyombo vya chama, vya shirika la teksi, vya jiji, vya mfanyabiashara, kisha vya chama tena. Nyimbo alizorekodi zipo maktaba ya redio ya taifa na zinapigwa kila wiki kwenye vipindi vya zilipendwa. Nyingine ziko mtandaoni, zimewekwa na watu ambao hata hawajawahi kukanyaga ukumbi wa Amana, na tangazo linatangulia kabla sauti yake haijaanza. Alifariki Aprili 2014.

Kizazi cha Diamond kilielewa somo kwa namna yake. Alianzisha lebo yake, WCB Wasafi, kisha redio na televisheni. Kurekodi hakuhitaji tena stoo yenye ufunguo, kompyuta moja chumbani inatosha, na hakuna anayemnyang'anya msanii gitaa kwa sababu gitaa lenyewe mara nyingi halipo. Kinachomilikiwa sasa ni mkataba. Harmonize alipoondoka WCB mwaka 2019 alisema hadharani kwamba ilibidi alipe shilingi milioni 500 ili atoke, na kwamba aliuza nyumba kuzipata.